Somo: Kulifanya faili la .gpx (faili la njia za GPS) lipite kwenye skripti yako (faili la amri) ukilibofya (Windows 10 na 11)

Wakuu, swali hili limekuwa wimbo: "Nimetumiwa njia ya Lemosho ya Kilimanjaro, nikiibofya kompyuta inaniuliza nifungulie nini." Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tunachotaka: ukibofya .gpx mara mbili, nakala iende yenyewe D:\Njia, kisha Google Earth Pro ifunguke.

1. Kwenye File Explorer washa "File name extensions". Usipowasha utahifadhi njia.bat.txt ukidhani ni njia.bat.

2. Tengeneza folda D:\Zana na D:\Njia. Kama huna D, tumia C na ubadilishe kote.

3. Fungua Notepad, andika haya, hifadhi kama D:\Zana\njia.bat:

@echo off
copy /-Y "%~1" "D:\Njia\"
start "" "C:\Program Files\Google\Google Earth Pro\client\googleearth.exe" "%~1"

Zile nukuu tupu baada ya start si pambo. Amri ya start huchukua maneno ya kwanza yaliyo ndani ya nukuu kuwa kichwa cha dirisha. Ukiziondoa, anwani ya Google Earth inageuka kichwa, na kinachofunguliwa ni .gpx yenyewe, ambayo inaita njia.bat, ambayo inaita .gpx tena. Madirisha meusi yatazaana, kila moja likikuuliza kama ufute nakala ya zamani.

4. Fungua Command Prompt, si PowerShell, maana hiyo inasoma nukuu kivyake. Haki za admin hazihitajiki:

reg add "HKCU\Software\Classes\.gpx" /ve /d "Njia.Gpx" /f
reg add "HKCU\Software\Classes\Njia.Gpx\shell\open\command" /ve /d "\"D:\Zana\njia.bat\" \"%1\"" /f

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Nukuu zinazozunguka %1 (mahali pa jina la faili ulilobofya) lazima ziingie kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ndiyo maana kila moja imetanguliwa na mkwaju wa nyuma (\). Zikikosekana, faili lenye nafasi katika jina hukatwa kwenye nafasi ya kwanza. Na kama unaziweka amri hizi ndani ya .bat ili uzipeleke kwenye kompyuta zote za ofisi, andika %%1 badala ya %1, la sivyo .bat inaimeza na rejista inabaki na nukuu mbili tupu. Ukimaliza, hakiki kwa reg query kabla ya kulaumu Windows.

5. Bofya kulia faili lolote la .gpx, Open with, Choose another app, itafute njia.bat, kisha Always. Usiruke hatua hii kama kuna programu nyingine iliwahi kupewa .gpx: chaguo lako huwekwa kwenye UserChoice (sehemu ya rejista) pamoja na muhuri wa siri. Ukiuhariri kwa mkono, Windows inaona muhuri haulingani na inalitupa chaguo lako.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Haifanyi kazi mkuu.

Jibu: Dirisha limeandika nini?

Mdau wa Sakina: The system cannot find the file specified. Faili linaitwa Machame siku 7.gpx.

Jibu: Hatua ya 4. Nukuu za %1. Imeandikwa.

Mdau wa Njiro: Shukrani kaka. Je, naweza kuacha Google Earth ifungue kama kawaida, halafu kuhifadhi kuwe chaguo la pembeni kwenye menyu?

Jibu: Swali zuri dada, na kwa ofisi yenye watu wengi ndiyo njia bora. Ruka hatua ya 4 na ya 5, ondoa mstari wa start kwenye njia.bat, kisha:

reg add "HKCU\Software\Classes\SystemFileAssociations\.gpx\shell\Hifadhi\command" /ve /d "\"D:\Zana\njia.bat\" \"%1\"" /f

Neno "Hifadhi" litatokea ukibofya kulia, programu yoyote iwe ndiyo inayofungua .gpx. Kwenye Windows 11 lipo ndani ya "Show more options". Ukichagua mafaili zaidi ya 15 kwa pamoja litapotea, ndivyo Windows ilivyo. Kwa mengi tumia copy *.gpx D:\Njia\ tu.

Mdau wa Moshi: Nje ya mada kidogo. Njia ya Umbwe ya Kilimanjaro nimeiweka kwenye QGIS (programu ya ramani) juu ya ramani ya zamani, imehama karibu mita 300. GPS mbovu?

Jibu: GPS haina kosa. GPX siku zote ni WGS 84 (mfumo wa viwianishi wa GPS), na ramani hiyo bila shaka ni ya Arc 1960 (mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki). Usiivute kwa mkono. Ipe ramani EPSG:21037 (msimbo wa Arc 1960, ukanda wa UTM wa 37 kusini), GPX iache na 4326 (msimbo wa WGS 84), QGIS itazilinganisha yenyewe.

Mdau wa Moshi: Na Ngorongoro?

Jibu: Huko ni EPSG:21036. Ukanda wa 37 unaanzia nyuzi 36 mashariki. Arusha mjini na Kilimanjaro vimo, kreta iko magharibi ya hapo.