Jinsi ya Kubaini kwa Nini Timu ya Chuo Inapitwa kwa Pasi

Timu ya futiboli ya Kimarekani inapofungwa kwa pasi ndefu wiki baada ya wiki, mashabiki huwatupia lawama mabeki wa pembeni, kwa kuwa ndio wanaoonekana kwenye runinga wakimkimbiza mpokeaji aliyekwisha kuwaacha. Mara nyingi wanaonewa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutazama michezo ya vyuo ili kujua tatizo limeanzia wapi, na mfano wake ni LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambayo Januari 2020 ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Clemson 42-25, kisha Septemba 26 mwaka huohuo, katika mchezo wa kwanza wa msimu mpya, ikaruhusu yadi 623 za pasi, yaani umbali ambao mpinzani alisonga mbele kwa kurusha mpira, nyumbani kwake Baton Rouge na kufungwa na Mississippi State 44-34.

Anza na takwimu inayofaa. Jumla ya yadi za pasi kwa kila mchezo, ambayo ndiyo hutangazwa zaidi, huweza kupotosha, kwa sababu timu inayoongoza kwa pointi nyingi hurushiwa pasi kila mara na mpinzani asiye na muda wa kukimbia na mpira. Gawanya yadi kwa idadi ya pasi zilizorushwa. K.J. Costello wa Mississippi State alirusha pasi 60 siku ile, kwa hiyo kila pasi, pamoja na zile zilizoanguka chini, iliigharimu LSU zaidi ya yadi 10, na hapo hakuna cha kujitetea. Wiki moja baadaye mrushaji huyohuyo alirusha pasi 59 dhidi ya Arkansas, akapata yadi 313, yaani yadi 5 na ushei kwa pasi, pasi zake tatu zikanaswa na walinzi, na timu yake ikafungwa 21-14. Kocha wake, Mike Leach, hakuwa ameacha mfumo wake wa kurusha; kilichobadilika zaidi ni namna walivyokabwa.

Sasa tazama uwanja kabla mpira haujaanzishwa. Msomaji aliyekulia kwenye soka ana kazi ya ziada hapa, kwa kuwa macho yake yamezoea kuufuata mpira, ilhali majibu mengi yako mbali nao. Hesabu mabeki waliosimama nyuma kabisa: ni mmoja au wawili? Kisha subiri mpokeaji mmoja ahame kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Beki akimfuata hatua kwa hatua, kwa kawaida timu inakaba mtu kwa mtu. Mabeki wakisogea kidogo tu huku wakionyeshana vidole, huenda inakaba maeneo. Kamera za runinga huwakata wale wa nyuma kabisa, hivyo marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli yana faida kuliko mchezo wenyewe.

Hapa ndipo LSU ilipoponzwa. Mratibu wake mpya wa ulinzi, yaani kocha anayepanga namna timu inavyokaba, Bo Pelini, alishikilia kukaba mtu kwa mtu kwa sehemu kubwa ya mchezo, dhidi ya mfumo ambao wapokeaji wake hukata uwanja wakipishana, mmoja akitoka kushoto na mwingine kulia, katika upana wa yadi 53. Beki anayemfuata mtu wake katika msongamano huo hulazimika kuwakwepa wenzake na wapinzani, na akichelewa hatua mbili tu, pasi fupi hugeuka mbio ndefu kwa kuwa hakuna mlinzi aliyebaki katika eneo lile. Arkansas, chini ya mratibu Barry Odom, ilipeleka watu watatu tu kumkimbilia mrushaji, na walinzi wanane wakarudi kutanda uwanjani. Costello alikamilisha pasi nyingi, lakini kila aliyepokea alimkuta mtu mbele yake.

Kabla ya kuhukumu mabeki, hesabu sekunde kwa sauti tangu mpira unapoanzishwa. Mpira ukitoka mkononi kabla ya sekunde mbili na nusu, usiilaumu safu ya mbele kwa kushindwa kumfikia mrushaji. Ukikaa zaidi ya sekunde tatu na nusu, hakuna beki wa chuo atakayemng'ang'ania mpokeaji mwenye kasi muda wote huo.

Tofautisha pia beki aliyezidiwa na beki aliyekosea kazi yake. Aliyezidiwa yuko karibu na mpokeaji, mkono wake umechelewa kidogo. Palipo na makosa ya maelewano, mpokeaji yuko peke yake kabisa, na baada ya mchezo kusimama utawaona walinzi wawili wakitazamana, viganja juu. Picha hiyo ilijirudia Oktoba 10, LSU ilipofungwa na Missouri 45-41, na mrushaji kijana Connor Bazelak akakamilisha pasi 29 kati ya 34 kwa yadi 406. Kipaji peke yake hakielezi hali hiyo.

Ndipo uangalie orodha ya wachezaji. Wachezaji 14 wa LSU walichaguliwa na klabu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2020, wakiwamo mabeki Kristian Fulton na Grant Delpit. Mratibu aliyemtangulia Pelini, Dave Aranda, alikwenda Chuo Kikuu cha Baylor. Na mazoezi ya majira ya kuchipua yalikatizwa na janga la korona, kwa hiyo chipukizi walijifunza mfumo mgeni kwa muda mfupi. Beki wao bora, Derek Stingley Jr., aliukosa mchezo wa kwanza kwa ugonjwa, jambo linaloeleza sehemu ya zile yadi 623, ila alikuwa amerudi walipocheza na Missouri.

Katika daftari lako, andika kando ya kila pasi ndefu jina la beki aliyehusika na aina ya ukabaji. Majina yakibadilika huku kosa likibaki lilelile, fuatilia mratibu na maelekezo yake. Jina moja likijirudia katika kila aina ya ukabaji, huyo ndiye wa kutazama mchezo ujao tangu mpira wa kwanza.