Una paka na unatafuta chumba? Aandikwe kwenye mkataba

Kwa wanaohangaika na vyumba vya kupanga Dar: kabla hujatoa kodi ya miezi 6, mwombe mwenye nyumba mwenyewe aongeze mstari mmoja kwenye mkataba, hata kwa kalamu: "Mpangaji anaruhusiwa kukaa na paka mmoja, na uharibifu wowote atalipa yeye." Wekeni sahihi wote wawili pembeni ya mstari huo. Dalali akikwambia "paka hana shida", usilichukue kama jibu. Akishapata malipo yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja, kazi yake imeisha. Ukiambiwa umtoe paka baada ya wiki tatu, kodi yako yote iko kwa mwenye nyumba na huna karatasi ya kumwonyesha.

Nenda na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa (ndiyo, paka naye huchanjwa). Wenye nyumba wengi wanahofia watoto wa wapangaji wengine kung'atwa au kuparuliwa, na kadi yenye tarehe na muhuri wa daktari wa mifugo inawatuliza kuliko kuapa. Kama huna, ulizia ofisi ya mifugo ya manispaa, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Pasipofaa: nyumba ya uani ambako majirani wanafuga kuku. Vifaranga wakianza kupotea, mkataba hautakusaidia, hata kama aliyewala ni kicheche. Hapo tafuta chumba kingine mapema, kabla hujalipa.