Namna ya kutafiti uongozi wa mabadiliko shuleni kwa kufuatilia uamuzi mmoja

Wanafunzi wengi wa uzamili katika uongozi wa elimu huanza na mada kama "Nafasi ya uongozi katika utekelezaji wa mtaala mpya". Mada hiyo imebeba nchi nzima. Ipunguze mpaka ienee ndani ya shule moja ya msingi.

Hatua ya 1: Chagua uamuzi mmoja

Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania Bara ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na la III. Katika kuutekeleza, mwalimu mkuu aliamua mengi: vitabu vigawanywe vipi, nani afundishe Darasa la I. Mimi hupendelea huo wa kupanga walimu, kwa kuwa huacha alama kwenye ratiba na humgusa kila aliyemo ofisini.

Hatua ya 2: Tafuta ruhusa

Barua ya chuo hupitia mkoani na halmashauri kabla ya kufika shuleni. Anza mapema.

Hatua ya 3: Soma kabla ya kuuliza

Omba ratiba ya 2023 na ya 2024, pamoja na mihutasari ya vikao vya walimu. Andika tarehe, kilichoamuliwa na aliyependekeza. Ukikuta "wajumbe waliafiki", weka alama: ubishi mara nyingi huzikwa hapo, nawe utaufukua kwenye mahojiano.

Hatua ya 4: Hoji

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Ukiuliza, "Je, mwalimu mkuu ni kiongozi shirikishi?", utajibiwa ndiyo, na jibu hilo halina kazi. Uliza tukio: "Ulijuaje kwamba umepangiwa Darasa la I? Nani alikuambia? Ulifanya nini baada ya hapo?"

Anza na walimu wa madarasa, kisha mwalimu wa taaluma (anayesimamia masomo na ratiba), na mwalimu mkuu awe wa mwisho, ili maelezo yake yasikuongoze katika kuwauliza wengine. Kumbuka pia kwamba umekuja na barua ya halmashauri. Wapo watakaokudhania mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) na kukuletea maandalio ya somo yaliyonyooka. Waeleze kazi yako waziwazi, kaeni mbali na ofisi, na asiyetaka kurekodiwa usimrekodi.

Hatua ya 5: Linganisha

Weka maelezo ya pande zote na mihutasari kwenye jedwali moja. Mwalimu mkuu akisema walikubaliana kikaoni, na mwalimu akasema aliliona jina lake ubaoni tu, usitafute mwongo. Chunguza taarifa iliishia wapi na kwa nini. Hilo ndilo tokeo lako.

Hatua ya 6: Ficha watu kikwelikweli

Mwalimu wa taaluma ni mmoja shuleni. Kumwita "Mwalimu B" hakumfichi ikiwa umetaja cheo, jinsia na miaka yake kazini. Ondoa kimoja baada ya kingine, kisha mwombe asome sehemu inayomhusu kabla hujawasilisha. Ana haki hiyo kuliko msimamizi wako.

Shule moja haisemei halmashauri nzima. Rudia maswali yaleyale katika shule ya pili yenye ukubwa tofauti. Na kama unatafuta uamuzi mwingine wa kufuatilia, kwa mpangilio uliopo Darasa la VI la mtaala mpya (ndilo la mwisho katika mtaala huo) na la VII la mtaala wa zamani yatahitimu pamoja 2027. Omba kuhudhuria vikao vya kuyapangia walimu na vyumba.