Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Presha ya Tabo kwenye Datsun 1600

Datsun 1600, gari lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1970 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, lilitoka kiwandani likivuta hewa kwa mwendo wa pistoni peke yake. Anayelifungia tabo nyumbani, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa kwa presha, iwe kwenye injini yake ya L16 yenye sentimita za ujazo 1,595 au kwenye injini kubwa zaidi ya L20B iliyopandishwa mahali pake, anazitaka sehemu kadhaa zihimili presha ambayo hazikuundwa kuihimili. Kwa hiyo, anayetafuta uvujaji kwenye gari la namna hii asiishie kwenye mipira ya intakula, kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo. Azikague kwa makini zaidi sehemu za zamani zilizokuwapo kabla tabo haijafungwa.

Dalili ya kwanza ni tabo kuchelewa kujaza na geji kutofika presha iliyopangwa, mara nyingi pamoja na mluzi unaosikika dereva anapokanyaga mafuta. Ikiwa kompyuta ya injini inategemea kipima hewa kilichofungwa kabla ya tabo, gari hutoa moshi mweusi, kwa sababu petroli inapimwa kulingana na hewa ambayo nyingine imeshatoroka njiani. Ikiwa inategemea sensa ya presha ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), mchanganyiko unaweza kubaki sawa na mwenye gari akadhani hakuna tatizo, ilhali tabo inazungushwa kwa kasi kubwa zaidi ili kufidia kinachopotea, na hewa inaingia kwenye injini ikiwa ya moto kuliko inavyotakiwa. Tundu lililo baada ya throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, hujidhihirisha hata gari likiwa limesimama, kwani injini ikinguruma bila kukanyagwa hufyonza hewa kupitia tundu hilo na kuanza kutetema.

Kifaa cha kupimia hutengenezwa kwa gharama ndogo. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinacholingana na mdomo wa tabo wa kuvutia hewa, kitoboe, ukifunge valvu ya kujazia upepo kama ile ya rimu, kisha ukiunganishe kwenye tabo kwa kipande cha mpira na klipu mbili imara. Upepo wa kompresa upitie kwanza kwenye regyuleta yenye geji inayosomeka vizuri chini ya bar 2. Kifuniko kikichomoka kinaweza kumjeruhi mtu vibaya. Kifunge kwa mkanda, usisimame mbele yake, na usikivue kabla presha yote haijatolewa.

Pima injini ikiwa imepoa, swichi imezimwa na gia iko huru. Ondoa kichujio cha hewa, kisha ziba mipira yote ya kupumulia ya chumba cha krenki, ule unaokwenda kwenye manifoldi na ule unaorudi mbele ya tabo, na ufungue kifuniko cha kujazia oili. Hatua hii isirukwe, kwa maana upepo ukijazana kwenye chumba cha krenki unaweza kusukuma oili sili nje ya nafasi zake. Anza na bar 0.3, upandishe taratibu hadi kiwango ambacho gari linatumia barabarani, na usizidi hapo.

Mlio hafifu ndani ya ekzosi au kwenye tundu la oili si lazima uwe kasoro, kwa kuwa upepo hupita kwenye valvu zilizo wazi na kwenye ringi za pistoni. Zungusha krenki kidogo kwa spana, mlio utabadilika. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame mapovu, ukianzia kwenye mipira ya bomba na ncha za intakula. Baada ya hapo hamia kwenye sehemu za kale: shafti ya throto, sili za nozeli, mpira wa busta ya breki kama ipo, na gasketi ya manifoldi. Kwenye injini za L manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja na hutumia gasketi moja, hivyo joto la tabo hupinda vyuma na kuifungua gasketi upande wa hewa pia. Gasketi mpya pekee haitoshi hapo. Manifoldi ipimwe kwa rula ya chuma na isawazishwe na fundi wa mashine.

Valvu ya asili ya kupumulia chumba cha krenki ndiyo ninayoishuku kuliko zote, kwani haikutengenezwa kuzuia presha inayotoka kwenye manifoldi. Iongezee valvu ya njia moja iliyo madhubuti, na uhakikishe busta ya breki nayo inayo. Mpira unaokwenda kwenye kidhibiti cha westigeti (mlango unaopitisha moshi kando ya tabo ili presha isizidi) ubadilishwe hata ukiwa na mpasuko mdogo, kwa sababu uvujaji wake hufanya presha ipande kupita kiasi, jambo la hatari zaidi kuliko presha kupungua.

Bomba la alumini linalochomoka kwenye mpira halihitaji klipu iliyokazwa zaidi, bali ukingo ulioinuliwa kwenye ncha yake, ncha na mpira vilivyofutwa mafuta yote na klipu pana ya bolti iliyokaa nyuma ya ukingo huo. Likiendelea kuchomoka, kagua mauntingi za injini, maana injini inayoyumba huvuta mabomba. Gundi ya chuma kwenye intakula iliyopasuka ni ya kukufikisha nyumbani tu; tiba yake ni kuchomelea.

Usiende kukanyaga kwa nguvu mara baada ya kuziba. Ikiwa gari lilityuniwa wakati linavuja na petroli ikapunguzwa ili kuondoa moshi, sasa hewa itafika yote na petroli itapungukiwa, na pistoni inaweza kuharibika kwa muda mfupi. Rudisha presha kwenye kiwango cha chini, fuatilia mchanganyiko kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, na uipandishe hatua kwa hatua. Injini ikishapata moto na kupoa mara kadhaa, kaza klipu zote upya, kwani mpira mpya hulegea unapokaa mahali pake.