SOMO: Kuishi baada ya kufilisika, hapa hapa Moshi

Ndugu wanachama, somo la leo ni la mwenzetu ambaye duka limefungwa, vitu vimepigwa mnada, au mshahara wote unaishia kwa waliomkopesha, na kesho asubuhi watoto wanataka chai. Nimekaa na wengi wa namna hiyo kwenye vikundi vyetu vya Pasua na Njoro. Kinachoniumiza ni kuona fedha ya kwanza ikipatikana inakimbizwa kwa mdai anayepiga kelele kuliko wote. Kesho yake mtaji hakuna, keshokutwa unga hakuna, na mtu anakopa upya ili ale. Mpangilio ninaoufundisha mimi ni huu: mtaji, tumbo, paa, halafu deni.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi kisheria

Kama mahakama haijakutangaza kuwa mufilisi chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, bado una nafasi ya kukaa na kila mdai mkapatana wenyewe. Ukishatangazwa, mali zako zinasimamiwa kwa niaba ya wadai wote, na kwa upande wa serikali mambo hayo yako RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Huko usiende kichwa kichwa, tafuta kwanza msaada wa kisheria.

Mdai akishinda kesi, hawezi kukomba kila kitu ndani. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inalinda nguo zako, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Cherehani ya fundi nguo imo humo. Kwa hiyo akija mtu na Kirikuu kubeba godoro, mwombe amri ya mahakama na umwite mwenyekiti wa mtaa kabla hajagusa kitu. Kitu ulichoweka rehani kwa mkono wako mwenyewe ni habari nyingine. Na kama ni nyumba iliyowekwa rehani benki, sheria ya ardhi inataka upewe notisi ya siku 60 kwanza. Siku hizo ni za kwenda benki kuzungumza. Ukijificha zinakwisha bure.

Hatua ya 2: Andika madeni yote kwenye daftari moja

Yote, hata ya shemeji. Nani, ulichukua kiasi gani, umesharudisha kiasi gani, dhamana ni nini. Ukifika kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa mno, uliza leseni ya Benki Kuu. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi hizo ndogo zisizopokea amana. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi ana cha kujibu, na hilo litumie unapoomba akupunguzie. Kila deni linalokwisha, dai barua ya kumaliza deni. Mabenki yanaangalia historia yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na bila karatasi utabishana miaka.

Hatua ya 3: Gawa fedha ya siku, usingoje mwezi

Wengi wetu tunaingiza kwa siku, kwa hiyo bajeti ya mwezi haitusaidii sana. Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi: mauzo 40,000, mtaji 28,000, faida 12,000. Ile 28,000 inarudi kwenye mfuko wake hapo hapo sokoni, kabla hajapanda daladala. Katika 12,000: chakula 6,000, kodi ya chumba 2,000, maji na umeme 1,000, matibabu na daftari za watoto 1,000, deni 2,000. Kwa siku 26 za kazi, kodi inafika 52,000 na deni 52,000. Mdai akiambiwa "nitakuletea 52,000 kila mwezi" na akaiona miezi miwili mfululizo, anatulia kuliko yule aliyeahidiwa laki tatu asizione.

Siku ya mauzo mabaya, fungu la kupunguza kwanza ni lile la deni. Mtaji usiuguse hata kidogo.

Hatua ya 4: Jikoni

Hapa ndipo fedha nyingi inapotea kwa vipimo vidogo. Unga wa kilo moja moja dukani unakula faida yako. Wakati wa mavuno nenda Mbuyuni, nunua mahindi kwa debe, hata mkishirikiana wawili. Chukua punje mbili tatu, ziume: kavu inakatika kwa mlio, mbichi inabonyea, na hiyo mbichi itakuotea ukungu ndani ya wiki mbili. Angalia katikati ya gunia, usiishie juu. Kisha mashine. Saga dona, kwa sababu ukikoboa sembe sehemu ya mahindi uliyoyalipia inaondoka na pumba. Kama watoto wamezoea sembe na wanagoma, changanya nusu kwa nusu mpaka wazoee. Ukikoboa, basi omba pumba zako uwape kuku.

Maharage nunua kwa sado, loweka usiku, chemsha mengi mara moja, ugawanye: leo na ugali, kesho kiburu kwa ndizi. Mnafu na mchicha hata kwenye viroba mlangoni vinaota. Nyama ikipatikana Jumapili, mifupa ipike mtori. Nakuhakikishia mtoto aliyekunywa mtori asubuhi hajui kama baba amefilisika.

Umeme: kama unatumia kidogo, uliza TANESCO kama mita yako iko kundi la D1, maana uniti 75 za kwanza kwa mwezi zinauzwa kwa bei ya chini sana.

Hatua ya 5: Michango, na Desemba

Mtu wa Kilimanjaro anaweza kupanga vizuri Januari hadi Novemba, halafu Desemba ikamrudisha chini kabisa. Nauli za kupanda nyumbani, sukari na vitenge vya wazee, mbuzi, harusi tatu, kipaimara, na ada inangoja Januari. Tafadhali sema mapema, mwezi wa tisa au wa kumi, kwa mkubwa mmoja wa ukoo anayeheshimika: "Baba, mwaka huu nitakuja na mikono yangu, mfuko haupo." Akishajua yeye, wengine atawajibu yeye. Kwenye harusi jitolee kupika, kusimamia vinywaji, kupanga viti, na ufanye kweli. Msiba ni tofauti: toa kidogo ulichonacho, na nenda. Sijaona ukoo ukimtenga mtu aliyekesha nao msibani.

Usikope kwa ajili ya sherehe ya mtu mwingine. Hapo sina mjadala.

Kuhusu shule: kuwahamisha watoto kutoka mchepuo wa Kiingereza kwenda shule ya serikali kunauma, najua. Lakini elimu bila ada ipo tangu 2016 hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Waeleze watoto wenyewe kabla hawajasikia kwa majirani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Majengo:* Shikamoo mama. Mume wangu anajua nusu tu ya madeni. Naogopa kumwambia yote.

Marahaba mwanangu. Mwambie, ukiwa na lile daftari mkononi. Watoto wakishalala, msizungumze mbele yao. Kama unahofia hasira yake, mwite mshenga wenu au mama mkwe awepo. Mpango wa siku hauwezi kwenda na mtu mmoja wakati mwingine anatumia bila kujua.

*Mwanachama wa bodaboda, Kiboriloni:* Kila abiria akinilipa kwa simu, Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, inakata. Nifanyeje?

Ndivyo huduma ile inavyofanya kazi, kaka, inajilipa kwenye fedha inayoingia. Acha kuigusa kuanzia leo, iache ikate mpaka iishe, na katika siku hizo abiria walipe taslimu ili mafuta yapatikane. Ikiisha usiifungue tena kwa sababu ya mafuta. Mafuta ni mtaji, yanatengwa jana yake jioni.

*Mwanachama, Rau:* Nirudi VICOBA?

Rudi, nunua hisa moja moja, usikope mwaka wa kwanza. Waeleze wenzako hali yako.

*Mwanachama, Himo:* Mama, ndugu wananiambia niuze kihamba cha Marangu, shamba letu la ukoo, nilipe kausha damu, mambo yaishe.

Usiuze. Deni lile halikuandikwa juu ya kihamba, na wewe usiliandike leo. Hata ukitaka, mwenzi wako lazima aridhie, na ukoo utauliza makaburi ya wazee yanabaki kwa nani. Nenda ukakae nacho wiki moja: hesabu migomba, angalia parachichi, uliza majirani wanaofuga wananunua majani kiasi gani. Ukirudi, tuandikie hapa umekuta nini, tupange mkungu wa kwanza unauzwa wapi.