Ukishindwa ukiwa na ree mbili, funika karata kwanza
Ndugu zangu tunaocheza poka jioni hapa Kirumba, Mwanza, naomba niwape jambo moja ambalo limeniokolea fedha nyingi. Ree mbili (karata za juu kabisa) katika karata zako mbili za mwanzo huja kwa wastani mara 1 katika migawo 221, na hata zikikutana na jozi ya mzungu wa nne (mfalme) hushindwa takriban mara 1 kati ya 5; kwa hiyo kushindwa nazo si mkosi wala uchawi. Hatari iko katika mgawo unaofuata, pale masikio yanapowaka moto, vidole vikasukuma dau kabla hujazitazama vizuri karata zako, nawe ukamwandama yule yule aliyekushinda. Nikijiona hivyo, hufunika karata, huinuka na kutembea hadi ufukweni, nikiwakumbuka wavuvi wa dagaa, ambao (nawaheshimu sana kwa hili) mbalamwezi ikikolea hubaki nchi kavu siku kadhaa bila kulilazimisha ziwa. Sirudi mezani mpaka niweze kujieleza kwa utulivu kwa nini nilicheza vile, na kiasi nilichotenga kikiisha huenda nyumbani bila kukopa.