Somo: Elektroni imehama kweli, au mng'ao umefifia tu?

Mfano wetu ni porfirini ya zinki (molekuli ya rangi, mtoaji wa elektroni) iliyounganishwa kwa daraja fupi na fulareni C60 (mpira wa atomu 60 za kaboni, mpokeaji). Kufifia kwa floresensi (mng'ao baada ya kufyonza mwanga) ya porfirini peke yake si ushahidi, maana nishati nayo inaweza kuhamia C60 bila elektroni kuondoka.

1. Hesabu kwanza. Chukua volti ambayo porfirini hupoteza elektroni, toa volti ambayo C60 huipokea, kisha toa nishati ya msisimko (ile porfirini inayoipata kwa mwanga). Volti zote zipimwe kwa elektrodi rejea ileile. Kwa thamani za kawaida: 0.8 − (−0.6) − 2.05 = −0.65 eV. Jibu likiwa hasi, njia iko wazi. Mvutano wa chaji zilizoachana angstromu 10 (nm 1) ndani ya benzonitrili, kiyeyushi cha polari, hulifanya jibu liwe hasi zaidi kwa kama 0.06 eV tu. Kwa toluini usitumie mkato huu: volti zilipimwa kwenye kiyeyushi cha polari, na toluini haizitulizi chaji.

2. Miyeyusho miwili. Mmoja wa molekuli kamili, mwingine wa porfirini yenye daraja bila C60. Yote ifyonze sawa kwenye nm 550, isizidi 0.1 katika kiveti (kichupa cha kupimia) cha sm 1. Epuka kloroformu iliyokaa. Asidi yake hung'oa zinki.

3. Ondoa oksijeni. Argoni dakika 20, ikipitia kwanza chupa ya kiyeyushi hichohicho, la sivyo kiyeyushi kwenye kiveti kitapungua na ukolezi utapanda.

4. Pima muda wa floresensi. Rejea (porfirini bila C60) ikiwa na ns 2.0 na molekuli kamili ns 0.1, kasi ni 1/0.1 − 1/2.0 = 9.5 kwa ns, yaani 9.5×10⁹ kwa sekunde. Hii ni kasi ya uzimaji, bado hatujajua sababu.

5. Tafuta radikali, yaani molekuli zilizobaki na elektroni isiyo na jozi. Piga kwa mpigo wa leza, kisha soma ufyonzaji: anioni ya C60 (iliyopokea elektroni) karibu na nm 1000, kationi ya porfirini (iliyoipoteza) kati ya nm 600 na 700. Zikizaliwa pamoja na kufa pamoja, elektroni imehama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, napata muda mbili, ns 0.1 na ns 2. Nichukue ipi?*
Ya ns 2 inafanana mno na rejea: una porfirini isiyounganishwa. Usiidharau. Ikiwa 2% tu, hutoa 0.02×2 = 0.04 dhidi ya 0.98×0.1 = 0.098, yaani karibu 29% ya mwanga wote unaoupima. Safisha upya kwa kromatografia.

*Kwenye toluini mng'ao umezimika, ila nm 1000 hakuna kitu.*
Angalia nm 710 hivi. Ukiona floresensi ya fulareni, ni nishati iliyohama.

*Kurudi kwa elektroni kunaachilia 1.4 eV, zaidi ya kwenda. Mbona ni polepole?*
Nadharia ya Marcus ya 1956, kuhusu kasi ya elektroni kuhama, ilitabiri hivyo: msukumo ukipita nishati ya kujipanga upya (inayohitajika molekuli na kiyeyushi vibadili mkao), kasi hushuka. Miller, Calcaterra na Closs walilionyesha mwaka 1984 kwa molekuli zilizounganishwa kwa daraja gumu la steroidi. C60 haihitaji kujipanga sana, kwa hiyo kilele cha kasi hufikiwa mapema na safari ya kurudi huangukia upande wa pili.

*Nikirefusha daraja?*
Kwa daraja la kaboni zilizoshiba, kila angstromu 2 hupunguza kasi takriban mara kumi. Kwa mfano wa hatua ya 4, angstromu 4 tu zaidi zinatosha kuufanya msisimko wa porfirini uishe wenyewe, kwa kasi ya 1/2.0 = 0.5 kwa ns, kabla elektroni nyingi hazijahama.